Je, Kate Bush ni mwanamuziki wa roki progresivu?

Msomaji ameuliza hivi: "Mimi na mwenzangu tunabishana kila tukikutana. Yeye anasema Kate Bush ni wa kundi moja na bendi za Yes, Genesis na King Crimson, kwa kuwa nyimbo zake ni za ajabu, zina hadithi ndefu, na aliibuliwa na mtu wa Pink Floyd. Mimi nasema ni mwimbaji wa pop anayefanya majaribio, basi. Nani yuko sahihi? Na kwenye simu yangu, ambako nimepanga muziki kwa aina zake, nimweke wapi?"

Ndugu msomaji, ubishi wenu haumaliziki kwa sababu mnamjadili mtu badala ya kujadili kazi zake. Kate Bush kama mwimbaji ni wa pop ya kisanaa, na hapo wewe ndiye uliye karibu na ukweli. Lakini anazo kazi mbili ndefu, The Ninth Wave ya mwaka 1985 na A Sky of Honey ya mwaka 2005, ambazo ukizipima kwa vigezo vilevile wanavyopimiwa Yes na Genesis, zinafaulu. Hapo mwenzako ana haki yake. Wimbo unaojulikana kuliko zote siku hizi, Running Up That Hill, haumo kabisa kwenye hesabu hiyo, ingawa ndio watu wengi wanaoutaja wanapoanza mjadala huu.

Tukubaliane kwanza tunapima nini. Roki progresivu ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengi huanza kuihesabu Oktoba 1969, King Crimson walipotoa In the Court of the Crimson King. Mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kukomaa. Yes walitoa Close to the Edge, ambayo wimbo wake wa kwanza una zaidi ya dakika 18 na unajaza upande mzima wa santuri. Genesis walitoa Supper's Ready, wimbo wa sehemu saba na dakika zipatazo 23. Jethro Tull wakatoa Thick as a Brick, wimbo mmoja uliokatwa katikati kwa sababu tu santuri ilikuwa lazima igeuzwe.

Kazi hizo tatu zina mambo manne yanayozifanya ndugu. Umbo la wimbo linasonga mbele bila kukimbilia kiitikio kila baada ya dakika moja. Wazo la muziki au la maneno linalotajwa mapema hurudi baadaye likiwa limebadilika sura. Ala hubeba sehemu ya hoja, haziko pale kumsindikiza mwimbaji tu. Na nyuma ya yote kuna bendi ya roki, watu wanne au watano waliofanya mazoezi pamoja mpaka mabadiliko ya mapigo yakawa mepesi mikononi mwao. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa Kate Bush, na nitalirudia.

Sasa sababu za mwenzako. Ni kweli kwamba David Gilmour wa Pink Floyd aligharimia kurekodiwa kwa nyimbo chache za Kate mwaka 1975, binti huyo akiwa hajatimiza miaka 17. Rekodi mbili za siku zile ziliingia kwenye albamu yake ya kwanza, The Kick Inside, iliyotoka Februari 1978. Zisikilize. Mojawapo, The Man with the Child in His Eyes, haifiki dakika tatu. Ni piano, sauti na okestra. Fedha zilitoka mfukoni mwa mtu wa Pink Floyd, lakini wimbo uliotoka ni wa pop, tena mzuri sana.

Hoja ya nani alipiga naye ina kasoro kubwa zaidi. Geoff Downes, aliyepiga vinanda katika Yes mwaka 1980, amo kwenye wimbo wa Kate, Sat in Your Lap. Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, alimwalika Kate kuimba kwenye albamu yake ya mwaka 1980, na ni kwake Kate alikoijua Fairlight, ile kompyuta ya muziki ya Australia iliyokuwa inanasa sauti yoyote na kuigeuza noti za kinanda. Gary Brooker wa bendi ya Procol Harum anasikika kwenye Aerial, albamu ya Kate ya mwaka 2005. Orodha inavutia, lakini kwa mantiki hiyohiyo Kate atakuwa pia mwanamuziki wa jadi wa Ireland, kwa kuwa alipigiwa zumari la viriba na Liam O'Flynn, na mwanamuziki wa jazi, kwa kuwa besi yake ilipigwa na Eberhard Weber. Wageni wa studio hukuonyesha mwenye kazi anamwamini nani. Umbo la wimbo wenyewe hawalibadilishi.

Urefu nao haumalizi mjadala. Mario wa Franco na TPOK Jazz, wa mwaka 1985, unapita dakika kumi, na hakuna mtu kutoka Kinshasa hadi Mombasa anayeuita roki progresivu. Urefu wake unatokana na simulizi na gitaa la kuchezea dansi, na hiyo ni sababu halali ya aina nyingine. Mapigo yasiyo ya kawaida vilevile hayatoshi. Kiitikio cha Wuthering Heights, wimbo wa Kate kutoka The Kick Inside, hakikai kwenye mapigo manne. Kuna vipimo vinavyokatwa vifupi ili maneno yaangukie mahali pake, na wimbo unahama kutoka ufunguo wa A hadi D-flati bila kubisha hodi. Ni ufundi wa hali ya juu kwa binti wa miaka 18 au 19. Hata hivyo wanakijiji wa Bulgaria hucheza ngoma za mapigo saba harusini, na hawajawahi kuhitaji jina la progresivu. Kuhusu uajabu, Björk, mwimbaji wa Iceland, mwaka 2004 alitengeneza Medúlla karibu yote kwa sauti za binadamu, kazi ya kijasiri kabisa, na ndani yake hakuna roki ya kutafuta. Kitu kinaweza kuwa kigeni masikioni bila kuwa progresivu.

Njia ya kupima ni hii, na inahitaji karatasi, kalamu na saa ya simu. Sikiliza wimbo mara moja bila kuandika. Mara ya pili, andika dakika na sekunde kila kinapoanza kitu kipya: ubeti, kiitikio, kipande cha ala, badiliko la mwendo. Kila kitu kipe herufi. Kikirudi bila kubadilika, rudia herufi ileile, na kikirudi kimebadilika, weka alama pembeni. Mwishoni utazame karatasi. Herufi mbili au tatu zinazopokezana zina maana kwamba una wimbo wa pop, hata kama sauti zake zinatoka mwezini. Herufi nyingi zinazosonga mbele, na chache zinazorudi zikiwa zimegeuka, ni dalili ya kile unachokitafuta. Kosa la kawaida hapa ni kuweka herufi mpya kila ala mpya inapoingia. Ala mpya juu ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) zilezile na maneno yaleyale ni pambo, herufi haibadiliki.

Jaribu kwa Running Up That Hill. Ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, daraja moja (kipande cha kati kisichofanana na vingine), kisha kiitikio hadi mwisho. Mapigo manne kwa dakika tano nzima, yakiendeshwa na mchoro wa mashine ya ngoma ya LinnDrum aliouandaa Del Palmer, mpiga besi wake, na juu yake ule mlio wa Fairlight unaoujua. Herufi tatu tu. Uliposhika namba moja Uingereza mwaka 2022, miaka 37 baada ya kutolewa, wengi walianza kuuita progresivu kwa kuwa hawakuwa na jina jingine la kitu kizito namna ile. Jina lipo: ni pop iliyojengwa kwa ustadi mkubwa.

Sasa geuza santuri. Hounds of Love ilitoka Septemba 1985 ikiwa na pande mbili zisizofanana. Upande wa kwanza una nyimbo tano zinazojitegemea, na single zote nne za albamu zilitoka humo. Kwenye upande wa pili hapakutolewa hata single moja. Upande huo ndio The Ninth Wave: nyimbo saba, takriban dakika 26, kuhusu mtu aliyebaki peke yake baharini usiku, akiwa na koti la kuokolea maisha lenye taa ndogo, akipigana na usingizi mpaka alfajiri.

Ukiandika herufi zako upande huu, karatasi haitatosha. And Dream of Sheep ni piano na sauti, na kwa mbali sauti za redio zikitangaza habari za baharini. Under Ice ina dakika mbili na ushee tu. Nyuzi za Fairlight zinakwaruza kwa mikato mifupi, hakuna kiitikio, na wimbo unakatika pale mwimbaji anapomtambua aliye chini ya barafu. Waking the Witch unaanza kwa sauti nyingi za watu wa nyumbani zikimwamsha, kisha sauti yake inakatwakatwa vipande na kuingizwa kwenye kesi ya kumhukumu mchawi. Watching You Without Me unatuliza mwendo: ni roho iliyorudi nyumbani na haionekani. Jig of Life unaletwa na wapigaji wa Ireland, na nafsi yake ya baadaye inakuja kumdai asife. Hello Earth, ambao ndio mrefu kuliko yote, dakika sita na kidogo, unaitazama dunia kutoka juu. Mara mbili bendi na okestra vinanyamaza kabisa na kwaya ya wanaume inaingia na wimbo wa jadi wa Georgia, ile nchi ya Caucasus. The Morning Fog unafunga kwa gitaa la John Williams, yule mpigaji wa muziki wa klasiki, na kwa kuwataja watu wa familia.

Kigezo cha pili, cha wazo linalorudi likiwa limebadilika, ndicho kinachonishawishi kuliko vyote. Fuata taa. Kwenye wimbo wa kwanza ni taa halisi ya koti, ya kuwaonyesha waokoaji. Kwenye Waking the Witch inatajwa na wanaomwamsha. Mwishoni mwa Hello Earth sauti inanong'ona kwa Kijerumani kwamba mahali fulani kilindini kuna mwanga: taa iliyokuwa juu ya maji sasa iko chini yake. Usingizi nao hufanya hivyohivyo. Mwanzoni ni kishawishi cha kuua, na katika Hello Earth yeye ndiye anayeibembeleza dunia ilale. Hiyo ni kazi ya mtu anayetunga upande mzima kama kitu kimoja. Toa Under Ice peke yake, uichezee mtu asiyejua kinachotangulia, na utaona inavyopwaya.

Kwa kulinganisha, mwaka huohuo wa 1985, mwezi Juni, Marillion walitoa Misplaced Childhood. Ni albamu ya dhana moja, nyimbo zimeungana, ilishika namba moja Uingereza kama Hounds of Love ilivyoshika baadaye, na hakuna anayebisha kwamba ni roki progresivu. Weka albamu hizo mbili pamoja, utaona kinachozitenganisha si ukubwa wa dhana. Kwa Marillion, hisia ikifika kileleni, Steve Rothery anachukua gitaa na kuisema. Kwa Kate, hisia ikifika kileleni, mara nyingi kitu kinaondolewa: bendi inakaa kimya, kwaya inabaki, au sauti inakatwa vipande. Na kumbuka hali ya wakati ule. Yes walikuwa wamerudi na Owner of a Lonely Heart, wimbo wa kiitikio uliofika namba moja Marekani mapema 1984, na Genesis walikuwa njiani kuelekea Invisible Touch ya 1986. Kwa hiyo anayehukumu kwa majina ya bendi atasema Yes wa miaka ile walikuwa progresivu na Kate Bush hakuwa. Anayehukumu kwa kazi atasema kinyume chake, na mimi niko upande huo.

Turudi kwenye kigezo cha nne, kwa kuwa hapa ndipo hoja yako wewe ina nguvu. Sehemu kubwa ya Hounds of Love ilirekodiwa kwenye studio ya Kate mwenyewe, nyumbani kwa wazazi wake, kwa tabaka. Rekodi za majaribio hazikutupwa; zilibaki kuwa msingi, kisha wanamuziki wakaitwa mmojammoja kuongeza chao juu yake. Hakuna watu watano waliokaa chumba kimoja wakisaka mwendo. Ndiyo maana hata pale Waking the Witch unapopiga kwa ukali wa roki, husikii bendi ikijibizana kama unavyoisikia kwenye Close to the Edge. Ukikishikilia kigezo hiki kama sharti, The Ninth Wave inabaki nje.

Sikishikilii hivyo, kwa sababu moja inayoweza kusikika. Mwaka 2014 Kate alifanya maonyesho 22 jijini London, Before the Dawn, na The Ninth Wave ikapigwa yote jukwaani na bendi kamili, Omar Hakim akiwa kwenye ngoma na David Rhodes kwenye gitaa. Rekodi ilitoka mwaka 2016. Cheza Hello Earth ya 1985 kisha ya jukwaani. Umbo ni lilelile. Kilichoongezeka ni watu wanaosikilizana. Kama kazi ingekuwa pop iliyopambwa na mashine, ingepwaya ilipowekwa mikononi mwa bendi. Haikupwaya.

A Sky of Honey naweza kuieleza kwa haraka zaidi, maana kesi yake ni nyepesi. Ni diski ya pili ya Aerial, vipande tisa, dakika 42, inayofuata siku moja kuanzia alasiri hadi jua la kesho yake, na ndege wakiimba ndani ya muziki wenyewe. Kwenye toleo la mwaka 2010 iliunganishwa kuwa wimbo mmoja mrefu, jambo linaloonyesha mwenyewe aliionaje. Sunset unaanza taratibu kwa piano na kuishia kwenye gitaa la mwendo kasi wa Kihispania, na vipande viwili vya mwisho, Nocturn na Aerial, vinapanda kwa dakika zaidi ya 16 bila kushuka. Ukinunua toleo la 2018 usishangae sauti ya mchoraji, mhusika anayesikika ndani ya kazi hii, kuwa tofauti na ya 2005. Sasa ni ya mwanawe Kate.

Kabla hujamchezea mwenzako, rekebisha simu. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo. Baadhi ya huduma za bure huuwasha zenyewe, na The Ninth Wave iliyochanganywa haiwezi kumshawishi mtu. Zima pia ule mpangilio wa wimbo mmoja kuingia juu ya mwingine kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa utakula kimya kilichowekwa makusudi kati ya nyimbo. Acha wazi uchezaji usio na pengo, maana bila huo A Sky of Honey itakatikakatika. Tumia spika za masikioni. Sauti za redio na minong'ono haisikiki kwenye spika ya simu. Anza wimbo wa 6 wa Hounds of Love na usimame wa 12. Ukiona albamu yako ina nyimbo 18, ni toleo la 1997, na zile sita za mwisho ni za ziada.

Kuhusu kupanga, weka aina kwa wimbo, usiweke kwa mwimbaji. Hounds of Love, wimbo wa 1 hadi wa 5, ziandike pop ya kisanaa. Wa 6 hadi wa 12, roki progresivu. Badilisha sehemu ya aina peke yake. Ukigusa jina la albamu au jina la msanii wa albamu, programu nyingi zitaigawa kuwa albamu mbili na mpangilio wa nyimbo utavurugika. Kwenye huduma nyingi za mtandaoni huwezi kubadilisha aina, kwa hivyo tengeneza orodha mbili. Diski ya kwanza ya Aerial iende pop, ya pili progresivu. The Kick Inside na Lionheart ni pop. Never for Ever ni pop pia, ila Breathing, wenye maelezo ya mlipuko wa nyuklia katikati na umaliziaji mzito, unaweza kuuhamisha bila aibu. The Sensual World na The Red Shoes ni pop. 50 Words for Snow ya 2011 itakudanganya kwa urefu wake, kwani Misty peke yake una zaidi ya dakika 13, lakini ni piano ya polepole na ngoma laini za Steve Gadd. Iko karibu zaidi na jazi.

Ngumu ni The Dreaming ya mwaka 1982, ya kwanza aliyoitayarisha peke yake. Wapenzi wa progresivu huidai sana, na Get Out of My House, unaoishia kwa milio ya punda, unawapa nguvu. Ila nyimbo zake kumi ni dunia kumi zisizopakana, kila moja na mzungumzaji wake na lahaja yake. Hakuna kinachosafiri kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Hiyo ndiyo pop ya majaribio hasa, na hapo jina ulilompa wewe linamkaa sawasawa.

Ukimaliza kwa Kate, fanya vivyo hivyo kwa Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe Zanzibar. Queen II ya mwaka 1974, hasa upande wake wa pili, itakwenda kwenye progresivu. Sehemu kubwa ya kazi zao za miaka ya 1980 itabaki kwenye pop na roki ya kawaida.